Maji ya Meru, Meno ya Watoto

Jumapili

Basi la Tanga limenishusha Usa River jua likianza kulegea. Mlima Meru umejifunika mawingu, sijauona hata kidogo. Shangazi amenipokea na mjukuu wake mgongoni, akanikaribisha chai kabla sijavua viatu.

Mimi ni tabibu wa kinywa na meno. Kwa sehemu kubwa kazi yangu ni kung'oa, maana watu wetu humkumbuka mganga wa meno jino likishaoza hadi kwenye mzizi. Lakini mara kwa mara huketi kwenye kiti changu kijana mwenye meno mazima, hayana tundu, hayamuumi, ila yana mabaka ya kahawia, na mengine yana vishimo vidogo vidogo usoni. Ombi lake huwa moja: "Daktari, nisafishie." Nikimuuliza amekulia wapi, hunitajia Arumeru, Hai, Singida au Shinyanga. Mabaka hayo huletwa na floraidi, madini yaliyozidi kwenye maji ya huko. Likizo hii nimeamua kuja kuyaona maji yenyewe.

Wakati wa chakula shangazi ameniuliza kama ni kweli watu wa huku hawapigi mswaki, kwa sababu huko Dar mkwe wake aliwahi kuambiwa hivyo ofisini. Nimemwambia walionena hivyo hawajui wanachosema. Naye akacheka, mkono mdomoni. Nimemfahamu miaka yote hii, na leo ndiyo kwanza nimegundua kwamba hucheka hivyo siku zote.

Jumatatu

Maji ya Chai ni hatua chache tu kutoka Usa River, barabara hiyo hiyo ya Moshi. Nimepanda bodaboda hadi karibu na mto. Kinamama wanafua, vijana wawili wanaosha pikipiki. Maji ni ya kawaida kabisa machoni. Ukiyachota kwenye kikombe hayana harufu, hayana ladha. Floraidi haionekani wala haionjeki, na hapo ndipo inapotushinda. Maji ya chumvi mtu huyatema. Haya huyanywa maisha yake yote.

Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1984 kuhusu maji ya upande huu wa Meru vilikuta miligramu 12 hadi 26 za floraidi kwa kila lita kwenye mito, 15 hadi 63 kwenye chemchemi, na kwenye mabwawa na maziwa ya magadi kuanzia 60 hadi 690. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5. Tanzania kwa muda mrefu haikuweza kuifuata namba hiyo. Kanuni za muda za maji vijijini za mwaka 1974 ziliruhusu hadi 8, baadaye ikawa 4, na ni katika miaka ya karibuni tu ndipo tumeshuka hadi 1.5. Wapo wanaoziona zile namba za zamani kuwa ni uzembe. Mimi naona zilikuwa ungamo. Serikali ingesema 1.5 wakati ule, ingebidi ifunge visima vya mikoa mizima na isiwe na pa kuwapeleka watu.

Chanzo ni mlima wenyewe. Meru ni volkeno, na miamba yake ina floraidi nyingi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ingekuwepo ya kutosha, ingeishika floraidi na kuizamisha. Kwa kuwa haipo, floraidi hubaki imeyeyuka ndani ya maji na kushuka nayo bondeni. Kwa kawaida chemchemi za juu mlimani zina nafuu, na kadiri maji yanavyokaa ardhini na kusafiri ndivyo yanavyozidi kubeba. Ndiyo maana kisima kirefu, ambacho kwingineko ndicho huaminiwa, huku kinaweza kuwa kibaya kuliko kijito.

Mchana nimepita kwenye shule moja ya msingi, mwalimu wa afya ni rafiki wa shangazi. Watoto wamejipanga bila kuambiwa, wakafungua vinywa kama wamezoea wageni wa namna yangu. Wadogo wa darasa la kwanza, wale ambao meno ya mbele ya ukubwani ndiyo yanatokeza, wana meno meupe kama chaki. Wa darasa la sita na la saba, kahawia. Mwalimu alidhani wakubwa wameacha kupiga mswaki. Nikamweleza kwamba ni ugonjwa ule ule katika umri tofauti. Jino huharibika likiwa bado ndani ya taya, mtoto akiwa na mwaka mmoja, miwili, mitatu, chembe zinazojenga ganda lake zikiwa kazini. Floraidi ikizidi, ganda linatoka na vinyweleo, yaani vitundu visivyoonekana kwa macho, halijakomaa. Linapotokeza ni jeupe mno, weupe wa kupauka. Kisha miaka inapita, rangi za chakula na chai zinaingia kwenye vile vinyweleo na kukaa. Mwenye hali mbaya zaidi, ganda hubanduka vipande.

Kwa hiyo mswaki hauna kosa. Mtoto wa miaka saba anayesuguliwa meno kwa nguvu na mama yake anaadhibiwa kwa jambo lililokwisha zamani.

Kijana mmoja pale barabarani, aliposikia mimi ni mtu wa meno, akaniambia aliwahi kujisugua kwa msasa. Nilimwangalia: kweli kahawia imepungua, na ganda pia limepungua, sasa maji ya baridi yanamchoma. Tiba ya kweli ipo, kuna kusugua kwa dawa maalumu, kupaka weupe, au kulivika jino ganda la bandia. Lakini itafute kwenye zahanati ya kata uone. Utakutana na koleo.

Jumanne

Leo nimekwenda Ngurdoto. Karibu na lango la Hifadhi ya Taifa ya Arusha kipo kituo cha Wizara ya Maji cha utafiti wa kuondoa floraidi. Ukikipita kwa gari la watalii hutakijua. Mimi nimesoma habari zake tangu chuoni.

Wanachofanya ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe inakusanywa machinjioni, inasafishwa, inachomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, kisha inasagwa kuwa punje nyeusi. Maji yakipita katikati ya punje hizo, floraidi inanaswa na madini ya mfupa, yale yale yaliyomo kwenye meno yetu. Nimeyapenda mantiki yake: badala ya jino la mtoto kunasa floraidi, mfupa wa ng'ombe uinase kwanza.

Moto ndio ufundi wenyewe. Ukichoma kwa moto mdogo, maji yatatoka na harufu ya nyama na hakuna atakayerudi kuyachukua. Ukizidisha, mfupa unakuwa mweupe, mzuri kwa macho, lakini uwezo wake wa kunasa umekufa. Ule mweusi mweusi ndio unaofaa. Wenzetu wa Nakuru, upande wa Kenya wa Bonde la Ufa, wamefanya kazi hiyo hiyo miaka mingi chini ya Dayosisi ya Katoliki, kwa hiyo ujuzi si wa kutafuta ng'ambo. Kuna njia nyingine iliyotoka India, ya shabu na chokaa, inayojulikana kwa jina la mji wa Nalgonda. Inafanya kazi pia, ila inataka mtu wa kupima na kukoroga kila siku, na inaacha tope la kutupa. Sijaona nyumba ya kijijini itakayofanya hivyo mwaka mzima.

Nilikuwa nakaa nikijiuliza kwa nini kitu rahisi namna hii hakijaingia kila nyumba. Mazungumzo ya nje ya lango yamenipa majibu zaidi ya vitabu. Mzee mmoja, jirani, aliyewahi kupewa ndoo ya kuchujia yenye mkaa huo, amesema:

"Mwanangu, ndoo ile tulipewa. Tukaitumia. Halafu nani atatuambia imekwisha?"

Swali lake lina uzito kuliko anavyodhani. Mkaa ukishiba floraidi, maji yanaendelea kutoka safi vile vile, hayabadiliki rangi wala ladha. Familia inaendelea kuchota kwa imani, kumbe kwa miezi kadhaa ndoo imekuwa pambo. Ili ujue, lazima upime, na kifaa cha kupimia kiko maabara. Chujio lisilo na mtu wa kurudi kulikagua ni nusu ya chujio.

Kuna na la imani. Waislamu wengine huuliza mnyama alichinjwa na nani, na wapo wasiotaka mfupa wowote ndani ya maji ya kunywa. Sioni sababu ya kuwacheka. Mtu anayekuletea maji yaliyopita kwenye mifupa bila kukueleza mifupa hiyo ni ya nani, wewe pia ungemuuliza.

Jumatano

Ngarenanyuki. Gari la abiria linakatiza hifadhini kwa barabara ya umma, tukapishana na twiga waliosimama njiani kana kwamba wao ndio wenye ushuru. Kisha yakatokea maziwa ya Momela, mazuri kupita kiasi, flamingo pembeni. Bonde hili lilifunikwa na kifusi cha mlima ulipoporomoka upande wa mashariki, maelfu ya miaka iliyopita, na maziwa yakajikusanya mashimoni. Ile namba ya 690 inatoka kwenye maziwa haya. Watalii wanapiga picha, na mimi nimekaa dirishani nikihesabu miligramu. Ndiyo maradhi ya kazi.

Ngarenanyuki yenyewe ni nchi ya nyanya. Matenga yamepangwa barabarani yakisubiri malori. Maji ya mto yanamwagilia mashamba, na maji hayo hayo yanaingia jikoni. Nimekaa karibu siku nzima kwa mama mmoja mwenyeji wangu, mwuza nafaka sokoni, na kitu nilichokifuata hasa kilikuwa kwenye kopo dogo karibu na maharage: magadi.

Magadi ya huku ni yale mabonge ya kijivu yanayokwanguliwa juu ya udongo au kuletwa kutoka maziwa ya chumvi. Ukitia kidogo kwenye makande, mahindi na maharage yanalainika haraka na kuni zinapungua. Kila mpishi anajua. Kisichojulikana sana ni kwamba magadi hayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi sana. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Muhimbili pamoja na wenzao wa Uholanzi, akiwemo Lawrence Mabelya, walifuatilia jambo lililokuwa linawasumbua: kulikuwa na vijiji vyenye maji yenye floraidi ndogo, lakini watoto wake wana meno yaliyoharibika kama wa vijiji vibaya. Maji hayakueleza. Chungu kilieleza. Wanaolainisha chakula kwa magadi wanakula floraidi hata kama mto wao ni safi.

Nadhani huo ni miongoni mwa utafiti wa meno wenye manufaa makubwa uliowahi kufanyika nchini, na karibu hakuna anayeuzungumzia nje ya vyuo. Mradi wa bomba unazinduliwa kwa utepe na ngoma. Nani atakata utepe kwa sababu kijiji kimeacha magadi?

Nimemuuliza mwenyeji wangu kama angeweza kuacha. Hakunificha:

"Niache? Makande ya maharage makavu bila magadi yataiva lini? Kuni utaniletea wewe, daktari?"

Nimemjibu kwamba aloweke tangu usiku. Akasema anajua kuloweka, ila maji ya kulowekea nayo yanatoka pale pale. Hapo nilinyamaza, kwa sababu alikuwa amefika kwenye kiini kabla yangu. Baadaye, tukichambua mchele, tumerudi kwenye mada kwa njia nyingine. Binti yake ana mtoto wa miezi mitano, ananyonya tu. Nimewaambia jambo ambalo liliwashangaza wote wawili: maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji haya haya. Mwili wa mama humchujia. Kwa hiyo mtoto huyu mpaka sasa yuko salama kuliko atakavyokuwa mwezi ujao, atakapoanzishiwa uji.

"Basi uji wake ndio wa kuangalia," bibi akasema.

Ndiyo. Uji wake, maji yake ya kunywa, na baadaye makande yake asitiwe magadi, hadi afike kama miaka minane. Baada ya hapo taji za meno, ukiacha magego ya mwisho, zimeshajengeka, na maji hayawezi tena kuzichafua. Mifupa ni habari nyingine, nayo nimeipangia Ijumaa. Lakini kwa meno, tunazungumzia lita chache za mtoto mmoja kwa siku. Tumezoea kulitazama tatizo hili kama la kusafisha mto mzima, tukashindwa, tukakaa. Nyumba haihitaji kusafisha maji ya kufulia, ya ng'ombe wala ya nyanya. Mvua inayodondoka kwenye bati haina floraidi ya kuhesabika. Pipa moja lenye mfuniko, likitengwa kwa ajili ya mtoto, lingefanya kazi ambayo tumeisubiri kwa wafadhili.

Jambo la pili wamelikataa kwanza, wakakubali kwa shingo upande. Kuchemsha. Kila bango la afya nchini linasema chemsha maji, na ni sawa, kipindupindu kinaua haraka. Ila kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki yote, kwa hiyo kilichobaki sufuriani ni kikali zaidi kidogo. Mama aliyefuata kila agizo la zahanati bado atapata mtoto mwenye meno ya kahawia, kisha ataambiwa hajui usafi.

Alhamisi

Mvua. Barabara ya kurudi imekuwa utelezi, tumesukuma gari mara mbili. Shangazi ameweka ndoo zote chini ya bati tangu alfajiri. Sijamwambia, amefanya mwenyewe.

Ijumaa

Nilitaka kwenda Oldonyo Sambu, barabara ya Namanga, lakini usafiri umenikatalia, nikageukia upande wa pili, Hai, uwanda ule ulio karibu na uwanja wa ndege wa KIA. Hapa hali ya hewa ni kavu, vumbi jembamba, mifugo mingi.

Ukanda huu wa kusini-magharibi mwa Hai ulifanyiwa utafiti uliochapishwa mwaka 2013, kuhusu watoto na vijana ambao miguu yao imepinda kwa sababu ya floraidi. Nimemwona mmoja, kijana anayechunga. Anatembea vizuri kwa fimbo yake, magoti yameachana. Sikumwomba anifungulie kinywa. Meno ya kahawia yanaharibu cheko la mtu na nafasi yake ya kazi, na si jambo dogo hilo. Hii ya mifupa inachukua mwendo wenyewe. Tena inakuja polepole, kwa waliokunywa maji makali kwa miaka, na pale lishe ikiwa duni na kalsiamu ikiwa haitoshi inakuja mapema zaidi.

Mama yake alinikaribisha chai ya maziwa. Nikakumbuka kwamba hata majani ya chai yanabeba floraidi yake yenyewe kutoka ardhini, nikanywa, maana meno yangu yalishajengeka zamani na kukataa chai ya mtu nyumbani kwake ni ugonjwa mwingine.

Amesema vijana wa hapa wakienda kutafuta kazi za ulinzi au hotelini huulizwa, "Wewe meno yako yamefanyaje?" Nimemwuliza wanajibu nini. "Wanasema ni maji. Hawaaminiwi."

Jumamosi

Asubuhi nimepita Tengeru, kilipo Chuo cha Nelson Mandela cha sayansi na teknolojia. Kutoka chuo hicho Dkt. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Karatu, alitengeneza chujio la mchanga na chembe ndogo zinazoweza kupangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali, floraidi ikiwemo, na mwaka 2015 akashinda tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Kitu cha kwanza kilichonivutia si tuzo. Ni kwamba chujio lake linalenga maji ya mahali husika. Arumeru haina shida ya Mwanza.

Mjini Arusha mambo yamebadilika zaidi. Mradi mkubwa wa maji wa jiji, uliogharimu takriban shilingi bilioni 520, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umeongeza visima na mabomba, na maji yenye floraidi ndogo yanaweza kuchanganywa na yale makali ili kushusha kiwango. Mwenye duka niliyenunua kwake betri anasema wanawe wa mwisho wana meno tofauti na ya kaka zao. Nimewaona wawili, sikuona tofauti kubwa, lakini mkubwa alikuwa amefumba kinywa.

Jioni nimerudi Usa River na nikaongea kwa simu na yule mwalimu wa afya. Nilitaka kujua jambo moja lililokuwa likinizunguka tangu Jumatano: uji wa chekechea unapikwa kwa maji gani? Nyumbani mama anaweza kutenga pipa, lakini mtoto wa miaka minne na mitano anashinda shuleni, ananywa bombani, anakula kilichopikwa na shule.

Alikaa kimya, akaniambia tanki la mvua la shule lipo, lita 5,000, ila lina kufuli na ufunguo anao mtunza stoo. Maji yake hutumika kusafishia ofisi na kupikia chai ya walimu. Watoto hupikiwa kwa maji ya bomba la kijiji kwa kuwa jiko liko karibu na bomba.

"Jiko haliwezi kuhama," akasema.

"Mpira wa maji je? Mita ngapi kutoka tanki hadi jikoni?"

Akasema atapima Jumatatu. Nimemwomba pia amuulize mpishi kuhusu magadi, na amuulize kwa adabu, kwa sababu kuni za shule huchangwa na wazazi.